Drupal kwa tovuti kubwa ya umma: maoni ya mtu wa masjala, Tanga

Nianze na hukumu, maana huenda unasoma haya ukiwa na kikao kesho asubuhi. Kama taasisi yako ina tovuti ya maelfu ya kurasa, iliyojengwa kwa mkono mwaka hadi mwaka, yenye matangazo, fomu, sheria ndogo, taarifa za mwaka na picha za viongozi waliokwishastaafu, basi Drupal, programu ya kuendeshea maudhui ya tovuti, inafaa, na kwa kazi ya kuhamisha shehena ya namna hiyo sijaona mfumo unaoizidi. Kama tovuti yako ina kurasa thelathini na mtu mmoja wa kuiangalia, iache. Nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua nitaieleza.

Mimi si mhandisi wa kompyuta. Kikazi nimelelewa masjala, hapa Tanga mjini, kwenye majalada na folio, kisha nikahamishiwa kitengo cha habari na kukabidhiwa maudhui ya tovuti. Taasisi yenyewe siitaji. Inatosha kusema inatoa vibali na kutangaza minada, na wateja wake wako kuanzia Pangani mpaka Lushoto, na wengine ng'ambo, Pemba.

Tovuti tuliyokuwa nayo ilikuwa mafaili matupu ya HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, yanatengenezwa kwenye kompyuta moja kisha yanapakiwa kwenye seva. Menyu ilikuwa imenakiliwa ndani ya kila ukurasa. Ikibadilika namba ya simu ya mapokezi, ilibidi ibadilishwe kila mahali, na kwa kuwa hilo haliwezekani, namba za zamani zilibaki zikipigiwa na watu kwa miaka. Aliyekuwa na uwezo wa kuweka tangazo ni kijana wetu wa TEHAMA peke yake. Akisafiri, tangazo linasubiri.

Kwa asiyeijua, Drupal ni programu huria iliyoanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert na kutolewa mwaka 2001. Leseni yake hailipiwi. Serikali zimeitumia sana. Ikulu ya Marekani ilihamishia tovuti yake huko Oktoba 2009, ikakaa nayo hadi Desemba 2017 ilipohamia WordPress, mfumo mwingine wa namna hiyo hiyo. Australia mwaka 2015 ilianzisha govCMS, huduma iliyojengwa juu ya Drupal, ili taasisi zake zisianze kila moja na lake. Uingereza walipita njia nyingine: walijenga mfumo wao wenyewe, GOV.UK, ambao Oktoba 2012 ulichukua nafasi ya Directgov na Business Link, na kufikia mwisho wa 2014 tovuti za taasisi zaidi ya 300 zilikuwa zimeingizwa humo. Hawa wa Uingereza nawataja kwa sababu ya jambo moja nitakalolirudia chini: anwani za zamani hawakuziacha zife. Zenye ukurasa mpya zilielekezwa huko, na zisizo nao zilimwonyesha msomaji nakala iliyohifadhiwa na Kumbukumbu za Taifa.

Hapa nyumbani, ukiwa afisa habari wa halmashauri, njia yako imekwishachongwa. Mwaka 2017 mikoa 26 na halmashauri 185 zilipata tovuti za muundo mmoja, kazi ya Serikali Mtandao, TAMISEMI na PS3, mradi wa kuimarisha mifumo ya sekta ya umma. Ninayoyaandika ni kwa taasisi zenye tovuti yao kubwa ya zamani na zinazopaswa kuchagua mfumo. Na kabla hujachagua, kaa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Tovuti za umma zinakwenda kwa miongozo yao, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 ndiyo iliyowapa kazi hiyo.

Sasa niingie penye kazi. Ndani ya Drupal mna kifaa kinachoitwa Migrate. Kinasoma chanzo, kinachakata kila kipande, kisha kinakiweka mahali pake papya. Chanzo chetu kilikuwa yale mafaili, kwa hiyo kijana wetu aliandika programu ndogo ya kuyapekua yote na kuyamwaga kwenye jedwali la CSV: kichwa cha habari, tarehe, habari yenyewe, viambatisho, na anwani ya zamani. Kutoka hapo Migrate ikapokea.

Kilichonivutia mimi ni kumbukumbu inayoitunza. Kila kinachoingia kinaandikwa: namba yake kule kilikotoka, na namba kilichopewa huku. Aliyewahi kukaa masjala anajua thamani ya daftari la kupokelea barua. Bila hilo huwezi hata kusema barua imepotea, kwa kuwa huwezi kuthibitisha kwamba ilifika. Na kwa sababu kumbukumbu hiyo ipo, unaweza kutoa amri moja, kila kilichoingizwa kikatoka, ukasahihisha kanuni za uchakataji, ukaingiza tena. Tovuti ya zamani haiguswi. Inaendelea kupokea wateja na matangazo mapya yanaendelea kuwekwa, na siku ya kuingiza tena yaliyoongezeka yanafuata. Kwa ofisi ya umma hili ni jambo kubwa mno. Hatuwezi kufunga milango wiki mbili eti tunahama.

Faida yake niliiona kwenye ng'ombe. Kurasa zetu nyingi zilikuwa zimenakiliwa kutoka Word, na Word ina kawaida ya kuipinda ile alama ya ng'. Halafu kurasa zenyewe zilihifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, yaani namna ya kompyuta kuzigeuza herufi kuwa namba, wakati Drupal inafanya kazi kwa usimbaji mwingine, UTF-8. Matokeo yake, kila penye ng'ombe, ng'ambo na ng'oa paliingia kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza. Fikiria orodha ya minada ya mifugo ya miaka kumi na kitu, na neno lenye shida ni ng'ombe. Kijana akaongeza mstari mmoja wa kubadili usimbaji kwenye hatua ya uchakataji, tukatoa vyote, tukaingiza upya, na vialmasi vikaisha. Kampuni mojawapo iliyotuletea bei ilikuwa imependekeza kuajiri vijana wa kunakili na kubandika ukurasa kwa ukurasa. Kwa njia ile, kila kialmasi kingesubiri jicho la mtu.

Kuna lisilosaidiwa na programu yoyote. Nyaraka nyingi tulizoziita PDF zilikuwa picha za karatasi: mtu kachapa, kasaini, kapiga muhuri, kaskani. Mfumo hauoni maneno humo, unaona picha. Kipofu anayetumia kisoma-skrini hapati kitu, na mwenye kifurushi kidogo cha data anapakua megabaiti kadhaa ili asome aya mbili. Zile zinazotumika kila siku tulizichapa upya kama kurasa za kawaida, tukaacha nakala iliyosainiwa kama kiambatisho. Kazi hiyo ilihitaji mikono, na mikono ilipatikana kwa shida. Ningeanza nayo mapema kuliko kitu kingine chochote.

Tena kuna kazi ya kuamua. Migrate itahamisha chochote unachoipa, hata uchafu. Tulitoa orodha ya kurasa zote tukaipeleka kwa kila mkuu wa kitengo na maswali machache: ukurasa huu ni wako? Ulichosema humu bado ni kweli? Nani atauhuisha? Kurasa zisizo na mwenyewe zilikuwa nyingi ajabu. Zilizo na thamani ya kumbukumbu, kama matangazo ya zabuni za zamani, zilikwenda hifadhi zikiwa na maandishi juu kwamba muda wake umepita. Zabuni zenyewe tangu 2023 ziko kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, lakini mkaguzi akiuliza ya mwaka wa nyuma lazima umwonyeshe.

Zilizobaki zikapewa umbo. Zamani tangazo la mnada lilikuwa aya mbili na tarehe imejificha katikati ya sentensi. Kwenye Drupal unaunda aina ya maudhui: mnada una jina, mahali, tarehe, saa, kiambatisho, kila kimoja na kisanduku chake. Tarehe ikikaa peke yake, mfumo unaielewa. Kwa kutumia Views, kifaa cha Drupal cha kutengeneza orodha, orodha ya ukurasa wa mbele inaonyesha mnada ambao siku yake haijapita, na uliopita unahamia kwenye kumbukumbu bila mtu kuugusa. Huko nyuma watu walipanda basi kutoka Handeni kwa tangazo la mwaka uliopita, kwa sababu lilikuwa bado liko juu na mwaka haukuandikwa. Nauli ya mtu, siku ya mtu. Kwangu mimi kisanduku kile cha tarehe kinatosha kuhalalisha mradi wote.

Utafutaji ulinisumbua. Kitafutio cha msingi kinacholetwa na Drupal kinalinganisha neno zima. Mteja akiandika kibali, ukurasa wenye vibali peke yake hautokei. Akiandika mwombaji, waombaji wamejificha. Lugha yetu inabadilika mwanzoni mwa neno, na vitafutio vingi vimezoea lugha zinazobadilika mwishoni. Tulihamia Search API pamoja na Solr, programu za utafutaji zenye uwezo zaidi, tukaandika orodha ya maneno pacha: kibali na vibali, mfugo na mifugo, ada na malipo, fomu na ile "karatasi" ambayo ndiyo wateja wetu wengi wanayoiandika. Orodha hiyo niliiandaa mimi kwa kusoma wateja wanachotafuta, na bado naiongeza. Pathauto nayo, ile moduli (yaani kipande cha programu kinachoongezwa kwenye Drupal) inayotengeneza anwani ya ukurasa kutokana na kichwa chake, inakuja na orodha ya viunganishi vya Kiingereza vya kuondoa. Ya, wa, la, za, cha, vya na kwa unaziongeza mwenyewe, la sivyo anwani inakuwa ndefu kama hotuba.

Hayo ya anwani yananirudisha kwenye lile la Uingereza.

Kuna mzee ana steshenari Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Ukutani, juu ya mashine ya fotokopi, amebandika karatasi yenye anwani za fomu zetu, ameziandika kwa kalamu ya wino mzito, na kwenye kila moja ameandika bei ya kuchapa. Mteja akiingia hamwambii afungue tovuti. Anamwambia, "Mzee, nitolee ile ya kusafirishia mbuzi," na mzee anatazama ukutani, anaandika anwani herufi kwa herufi, fomu inatoka. Nilikwenda kumwona kabla hatujahama, nikamwamkia, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mnaohama ni ninyi. Mimi nipo hapa hapa. Hii karatasi ikigoma, watu watarudi kwenu ofisini, na hawa wanatoka mbali."

Nilizinakili anwani zake zote, na nikapita steshenari nyingine za mjini nikafanya hivyo hivyo. Hapa Drupal ilituheshimisha. Kwa kuwa kila ukurasa uliingia pamoja na anwani yake ya zamani, moduli ya Redirect ililishwa orodha nzima: ukiomba ile ya zamani, seva inajibu kwa namba 301, maana yake ukurasa umehama kabisa, na kivinjari kinakwenda kwenye mpya bila mtumiaji kufanya kitu. Injini za utafutaji nazo zinaelewa jibu hilo na kubadili kumbukumbu zao. Ndani ya Redirect mna moduli ndogo ya kuorodhesha anwani zilizoombwa zikakosekana, yaani zile za 404, na ni mara ngapi zimeombwa. Baada ya kuhama nilikuwa nafungua orodha hiyo kabla ya chai. Zilitokea anwani zilizochapwa kwenye kalenda za ukutani za miaka iliyopita, anwani za PDF zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji, na nyingine zilizokatika herufi ya mwisho kwa sababu mtu alinakili vibaya. Kila moja unaipa njia papo hapo, kwa kubofya. Karatasi ya mzee wa Ngamiani haikubadilika hata mstari.

Kuhusu idhini, wenzangu wa utumishi mtafurahi. Drupal ina mpangilio wa hatua za maudhui: rasimu, kisha chochote mtakachotaka ninyi, kisha kuchapishwa. Tulijenga hatua zifuate utaratibu wa dokezo tuliouzoea. Afisa anaandika, mkuu wa kitengo anapitia, mimi nahariri, mkuu wa taasisi anaidhinisha yale yanayohitaji saini yake tu. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya na saa. Mtu akiuliza nani alibadilisha ada ya kibali, jibu lipo. Wakuu wa vitengo ambao hawakuwahi kugusa tovuti sasa wanaingia wenyewe, na kijana wa TEHAMA anakwenda likizo kwa amani.

Nyota iliyopungua ni hii. Drupal ni nzito, na inadai. Seva ya bei rahisi haitoshi. Toleo la 10, lililotoka Desemba 2022, linataka PHP 8.1 (PHP ndiyo lugha iliyoandikiwa Drupal), na la 11, la Agosti 2024, linataka 8.3. Kuiweka na kuihuisha kunapitia Composer, programu ya kupakua na kuhuisha vipande vyake, inayoendeshwa kwa amri za kuandika badala ya kubofya, na asiyeijua atateseka. Marekebisho ya usalama hutangazwa Jumatano, na kwa saa zetu hilo huangukia usiku. Si la kupuuza. Oktoba 2014 lilitangazwa pengo kubwa kwenye toleo la 7, na baadaye timu ya usalama ya Drupal ikaonya kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa saba ichukuliwe kuwa imeshaingiliwa. Taasisi isiyo na mtu wa kuamka Jumatano usiku isiingie huku, au iwe na mkataba na mwenye kuamka.

Pia matoleo yanazeeka. Drupal 7 ilitoka Januari 2011 na msaada wake ukafungwa Januari 2025. Wenye nayo hawakuweza kupanda tu ngazi kwenda toleo jipya. Ilibidi wahamishe kila kitu kwa Migrate, kama sisi tuliotoka kwenye HTML. Kuanzia toleo la 8 mambo yalibadilika, na kupanda kutoka moja hadi jingine sasa ni kazi ya kawaida ya matengenezo. Ukikuta taasisi bado iko kwenye 7, waambie waanze leo.

Na upande wa ndani, anakofanyia kazi mhariri, bado unatisha kwa mgeni. Visanduku ni vingi, menyu zina ngazi, na tafsiri ya Kiswahili haijakamilika, kwa hiyo vitufe vingi vinabaki kwa Kiingereza. Hili limeniuma. Tovuti yenyewe inabeba Kiswahili na Kiingereza vizuri kabisa, kila ukurasa na mwenzake, lakini Bi mkubwa wa uhasibu anayeandika kwa Kiswahili safi anakutana na vitufe asivyovielewa. Tulificha visivyohitajika kwake, tukatafsiri wenyewe vile anavyovigusa kila siku: hifadhi, peleka kwa mapitio, rudisha kwa marekebisho, chapisha. Drupal inaruhusu kufanya hivyo ndani ya tovuti yako bila kugusa programu, na tafsiri zinaweza kupelekwa kwa jumuiya ili wengine wazitumie. Zetu zimeanza kwenda. Nawaomba wenye taasisi nyingine wapeleke zao, hasa wa Zanzibar, ambao nyaraka zao huwa na Kiswahili ninachokipenda.

Mafunzo msiyafanye ukumbini kwa projekta. Keti na mtu mezani kwake, na tangazo lake halisi la siku hiyo, aliweke mwenyewe mpaka litoke. Na umkataze kubandika moja kwa moja kutoka Word. Kihariri cha Drupal 10 kinasafisha mengi yanayotoka huko, lakini majedwali bado yanakuja na vurugu.

Kwa anayekwenda kuandika mkataba na mtoa huduma, pigania mambo haya. Jedwali la anwani za zamani na mpya likabidhiwe kwenu kama faili, liwe mali yenu. Kuingiza na kurudisha nyuma kufanyike mbele ya watumishi wenu, kwa kurasa zenu halisi. Akabidhi pia nywila na kanuni zote za uchakataji alizoandika. Na malipo ya mwisho yatoke baada ya orodha ya 404 kukaa wiki nzima bila anwani ya fomu hata moja ndani yake.